Maswali ya Wasomaji: Miaka ya Azimio la Arusha Darasani

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa walimu wa Historia wanaofundisha kipindi cha kuanzia 1967 hadi miaka ya mwanzo ya 1980: Azimio la Arusha, yaani tamko la TANU, chama tawala, la siasa ya Ujamaa na Kujitegemea; vijiji; kisomo cha watu wazima; Sheria ya Ndoa. Baadhi ya barua tumezifupisha.

Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanazitaja sehemu tano za Azimio la Arusha bila kukosea hata moja. Nikiwauliza lilibadili nini katika maisha ya mtu, darasa zima linanyamaza. Nianzie wapi? — Mwalimu, Kahama

Sehemu tano waachie daftari la marudio, Mwalimu. Darasani chukua sehemu ya tano peke yake, tena ule mwanzo wake unaoorodhesha masharti ya uongozi, kwa sababu hapo ndipo Azimio lilipoingia mifukoni mwa watu. Kiongozi wa TANU au wa Serikali awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki jambo la kibepari au la kikabaila. Asiwe na hisa katika kampuni. Asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari. Asipokee mishahara miwili. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Halafu kuna maelezo madogo yanayoamsha darasa kuliko yote: katika masharti haya, kiongozi ni mtu pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Mke akiwa na vyumba anavyopangisha, mume hawezi kusema havimhusu.

Vipindi viwili mfululizo vinatosha, dakika 80. Dakika kumi za kwanza wasome masharti yenyewe, nakala moja kwa watu wawili. Kisha yapatie makundi ya watu wanne kadi tano, kila kadi ikiwa na mtu wa kubuni wa mwaka 1967. Katibu wa wilaya ambaye mkewe anapangisha vyumba viwili. Ofisa mwandamizi wa wizara anayekaa nyumba ya Serikali huku akiipangisha ya kwake. Mbunge mwenye shamba la kahawa anayechukua vibarua wakati wa kuvuna. Diwani mwenye duka. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye hisa chache. Swali ni moja: nani abaki, nani aachie mali, nani aachie cheo, na kwa sharti lipi? Kundi lionyeshe mstari wa Azimio linaoutegemea. Asiyeonyesha mstari, jibu lake halihesabiwi.

Kadi mbili za kwanza ni nyepesi. Mbunge wa kahawa ndiye atakayewagombanisha, maana itabidi waamue kama kibarua wa msimu anamfanya mwajiri wake kabaila, na mistari ile haiwamalizii ubishi huo. Mwalimu wa msingi naye anawalazimisha kurudi kusoma masharti yanamhusu nani: viongozi wa chama, mawaziri, wabunge, madiwani, wakuu wa mashirika ya umma, watumishi wa Serikali wa ngazi za juu na za kati. Usiwape jibu mapema. Dakika 15 za mwisho kila mmoja aandike aya moja akiwa mmoja wa watu hao watano, akieleza anaacha nini.

Zoezi hili huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni makundi ya watu wanane, ambamo wawili wanabishana na sita wanatazama dirishani. Ya pili ni kugawa kadi kabla ya kusoma masharti. Hapo wanaamua kwa huruma, na Azimio linabaki mapambo.

Ukipata kipindi cha tatu, rudi nyuma hadi Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo pia yaliwaachia asilimia 40 tu ya mshahara katika miezi ya utumishi baada ya kutoka kambini. Walioandamana walirudishwa makwao, karibu 400, na Nyerere akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha. Mwanafunzi akishaviona vitu hivi viwili kwa mfuatano, hutahitaji kumwambia kwamba Azimio lilitokana na mabishano yaliyokuwa yakiendelea nchini.

Nataka kidato cha tatu wawahoji wazee wa kijiji chetu kuhusu Operesheni Vijiji, ule uhamishaji wa watu kwenda vijijini miaka ya 1970. Mwaka jana walirudi na majibu ya mstari mmoja: "Maisha yalikuwa magumu." "Nyerere alikuwa mzuri." Tatizo ni wazee au wanafunzi? — Mwalimu, Singida

Tatizo ni maswali, Mwalimu. Mzee akiulizwa "Unaonaje Ujamaa?" na kijana aliyeshika kalamu, anajibu kama anavyomjibu mgeni kutoka wilayani: kwa heshima na kwa ufupi. Maswali ya kwanza kumi yawe ya vitu na mahali, pasiwe na hata moja la maoni. Kabla ya kuhamia hapa mlikuwa mkikaa wapi, na ni mwendo gani kutoka hapa? Nani alileta habari ya kuhama, na alisema mna muda gani? Mvua zilikuwa zimeanza? Shambani kulikuwa na nini? Mlibeba nini, mkaacha nini? Usiku wa kwanza mlilala ndani ya nini? Nyumba ya zamani ilifanywaje? Maji mliyachota wapi? Shule ilikuwapo au ilijengwa baadaye? Mlirudi kuvuna mlichokiacha? Baada ya hapo maoni yatakuja yenyewe, nayo yatakuwa na uzito.

Suala la msimu msilipite haraka. Kaya iliyohamishwa Agosti, mahindi yakiwa ghalani, ilikuwa na mwaka tofauti kabisa na iliyohamishwa Desemba baada ya kupanda. Ndani ya kijiji kimoja mnaweza kupata kaya zote mbili, na hapo ndipo wanafunzi wanapoelewa kwa nini wazee wawili wa rika moja wanatofautiana bila yeyote kati yao kusema uongo.

Chagueni watu kwa hesabu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 alizaliwa 1954, leo amevuka 70. Aliyezaliwa 1972 alikuwa mtoto wa kubebwa au wa kutembea kidogo, na anachosimulia ni alichoambiwa na wazazi. Msimkatae, andikeni tu pembeni kwamba amesimuliwa. Hakikisheni nusu ya mnaowahoji ni wanawake, kwa kuwa habari za maji, kuni na chakula cha miezi ya kwanza wanazo wao, na wahojiwe mbali na waume zao.

Miaka huchanganyika sana kwenye kumbukumbu. Kabla ya kwenda, tengenezeni kwenye karatasi ya manila kalenda ya matukio ambayo kila mzee anayakumbuka: Uhuru Desemba 1961, Azimio Februari 1967, kuuawa kwa Karume Aprili 1972, Vita vya Kagera 1978–79, kifo cha Sokoine Aprili 1984. Ongezeni ya kwenu: ujenzi wa zahanati, mafuriko, mwaka wa nzige. Mzee asiyekumbuka mwaka anakumbuka kama mtoto wake wa pili alikuwa ameshazaliwa Karume alipouawa.

Kuhusu utaratibu: nenda kwanza wewe mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wazee mnaowataka, siku kadhaa kabla. Wanafunzi waende wawili wawili, mmoja anauliza na mwingine anaandika. Simu ya kurekodi iwekwe mezani baada ya mzee kukubali, na ukubali wenyewe urekodiwe. Dakika 40 zinatosha, mzee asichoke. Wakirudi shuleni wasinakili mazungumzo yote. Wachague dakika tano zilizo bora na kuziandika neno kwa neno. Hizo tano tu zitamla mwanafunzi karibu saa nzima.

Kuna onyo moja, na hili ulizingatie kuliko mengine. Mashamba yaliyogawiwa wakati wa operesheni yalizaa kesi za miaka mingi. Serikali ilitunga sheria ya 1992 ya kuzifuta haki za asili za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa, na Mahakama ya Rufani ikaja kuligusa jambo hilo katika shauri la Lohay Akonaay mwaka 1994. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo ikathibitisha ugawaji uliofanyika kati ya 1970 na 1977. Kwa hiyo mwanafunzi asiulize ni shamba la nani lilichukuliwa na nani, asichore mipaka, na mzee akianza kutaja majina ya majirani, kalamu iwekwe chini. Kazi ya darasani isije ikatafutwa kuwa ushahidi barazani.

Mjukuu wangu ametumwa na shule aje aniulize habari za kuhamia vijijini. Sisi tulihamishwa mwaka 1971. Nimwambie yote? Mengine hata watoto wangu sijawaambia. — Bibi, Dodoma

Shikamoo, Bibi. Huna deni la kusema yote. Operesheni Dodoma ya 1971 ilitangulia amri iliyokuja kuienea nchi, kwa hiyo unayoyakumbuka yana thamani kwa darasa zima, hata yakiwa machache. Mwambie uliyoyaona kwa macho yako, na unapofika kwenye uliyoyasikia kwa wengine, mwambie hivyo. Kama kuna jambo unataka alijue yeye kama mjukuu lakini lisiandikwe, mwambie azime simu kwanza. Na kama bado unacho kitu cha siku zile, jembe, cheti cha kisomo, kadi ya TANU, mtolee akishike na akipige picha. Asiende nacho shuleni.

Hujambo Mhariri. Mimi ni mwalimu Mombasa. Ujamaa umo katika mada ya Tanzania baada ya uhuru, Kidato cha Nne. Sisi huku hatuna wazee waliouishi. Wanafunzi huukariri kwa ajili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kuusahau. — Mwalimu, Mombasa

Hatujambo, Mwalimu. Kama huna shahidi, waache wanafunzi wafanye kazi ambayo watu wa wakati ule waliifanya. Tunakupendekezea kampeni ya *Mtu ni Afya* ya 1973, kwa sababu mbinu yake inarudika darasani kwa gharama ya karatasi chache.

Ilikwenda hivi. Kwa wiki 12 Radio Tanzania ilirusha vipindi vya afya. Vijijini na kazini watu walijiandikisha katika vikundi vidogo, kila kimoja kikiwa na kiongozi aliyepata mafunzo mafupi na kijitabu. Wiki hadi wiki walisikiliza kipindi, mmoja akasoma sura ya kijitabu kwa sauti, wakajadili tatizo lilivyo kwao, kisha wakaamua jambo la kulifanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi. Walioshiriki walifika takriban milioni 2. Kijitabu kiliwafaa hata waliokuwa wamehitimu kisomo karibuni, kwani wangekosa cha kusoma wangerudi kutojua.

Ligawe darasa katika vikundi vya watu kumi. Andika maandishi ya ukurasa mmoja kuhusu tatizo halisi la shule yenu, tuseme maji ya kunawia. Mwanafunzi mmoja ayasome kwa sauti kama mtangazaji, bila kurudia. Dakika 20 za majadiliano, kisha azimio moja la kutimizwa ndani ya wiki mbili. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: vikundi vitaleta maazimio ya "kuelimisha jamii". Yakatae. Azimio lazima lihesabike, kama mitungi mitatu yenye bomba mbele ya vyoo kufikia Ijumaa ya wiki ya pili. Baada ya wiki mbili kagueni, na kikundi kilichoshindwa kiandike kwa nini. Sababu zitakazotoka (hakuna fedha, mkuu hakutoa ruhusa, wenzetu hawakuja) ndizo zinazotokea popote kampeni inapoagiza kazi bila kuleta vifaa.

Baada ya zoezi wape tarakimu za kisomo, wachore grafu. Mwaka 1967 karibu thuluthi mbili ya watu wazima Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya upimaji wa taifa wa 1975 ilikuwa asilimia 39, na wa 1977 asilimia 27. Waulize: kushuka huko kunahitaji walimu wangapi, na walitoka wapi? Wengi walikuwa raia wa kawaida waliojitolea, wakiwemo wahitimu wa darasa la saba na wanafunzi. Waeleze pia kwamba upimaji ule ulikuwa na hatua nne, na kujua kusoma alama chache hakukumfikisha mtu kwenye hatua za juu. Kisha wapime wenyewe asilimia inaficha nini.

Kwa upande wa Kenya mna mlinganisho tayari. Waraka wa Kikao Na. 10 wa 1965 ulitumia jina la Usoshalisti wa Kiafrika huku ukiacha mlango wazi kwa mali binafsi na mitaji ya nje, na harambee zikajenga shule kwa michango ya wenyeji. Wanafunzi wafuatilie shule moja ya harambee na shule moja ya kijiji cha Tanzania: nani alitoa ardhi, nani matofali, nani mshahara wa mwalimu. Maswali hayo matatu yanatosha kuonyesha nchi mbili zilivyoachana njia.

Darasani kwangu kuna pande mbili. Mmoja anasema Ujamaa uliua uchumi, mwingine anasema zamani kulikuwa na utu na sasa hakuna. Mjadala unaishia kwa kelele. — Mwalimu, Morogoro

Kelele zinatokana na kuliita kila kitu Ujamaa. Kabla ya mjadala wowote watenganishe vitu vitatu. Kwanza kuna vijiji vya hiari, kama Litowa na vijiji vingine vya chama cha maendeleo cha Ruvuma karibu na Songea, ambavyo watu walivianza wenyewe, wakalima pamoja na kuamua pamoja. Pili, sera ya *Ujamaa Vijijini* ya Septemba 1967, iliyotaka watu washawishiwe wala wasilazimishwe. Tatu, operesheni za kuhamisha watu, zilizofikia kilele baada ya Nyerere kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Katika vijiji vilivyotokana na amri hiyo, kwa sehemu kubwa kila mtu alilima shamba lake. Ujamaa wa kulima pamoja ulibaki kwenye kipande kidogo cha shamba la kijiji, ukiwapo. Na la kuwashangaza wanafunzi: chama cha Ruvuma kilichokuwa mfano wa hiari kilipigwa marufuku na TANU yenyewe mwaka 1969. Waachie swali la kwa nini chama kiue kielelezo chake, wakae nalo wiki nzima.

Kwa tarakimu: mwaka 1973 waliokuwa katika vijiji vya mpango huu walihesabiwa takriban milioni 2, kufikia 1976 milioni 13. Hakuna ushawishi unaokwenda kasi hiyo.

Kuhusu uchumi, andika sababu kwenye kadi, kila moja na mwaka wake: ukame wa 1973–74, kupanda kwa bei ya mafuta 1973 na tena 1979, kuhamisha watu 1974–76, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki 1977, Vita vya Kagera na Idi Amin wa Uganda 1978–79. Wazipange ukutani, kisha waunganishe kwa uzi sababu na tokeo, lakini kila uzi uwe na sentensi moja inayoeleza *namna gani*. Uzi wa "vijiji → njaa" usikubaliwe bila kueleza: mashamba mapya mbali na yenye rutuba, au mavuno yaliyoachwa, au siku za kulima zilizopotea. Ukame na kuhama vilikutana mwaka uleule, kwa hiyo kutenganisha athari zake ni kazi ngumu hata kwa wataalamu. Njia moja ni kulinganisha mikoa. Kilimanjaro na Kagera, kwenye migomba na kahawa, watu walikuwa tayari wamebanana, na vijiji vingi viliandikishwa pale pale bila mtu kubomoa nyumba. Waulize mwanafunzi wa huko angesimulia nini.

Usimalize mada bila Isimani. Siku ya Krismasi 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, shambani, katika mvutano wa kilimo cha ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa. Ifundishe kama tukio lenye watu wawili na familia mbili, na usilifanyie maigizo. Tumesikia walimu wakiliigiza. Darasa hucheka, na basi.

Wasichana wangu wanasema historia hii yote ni ya wanaume na mashamba. Nawapa nini? — Mwalimu, Tanga

Wape Sheria ya Ndoa ya 1971. Kabla yake ndoa zilifuata dini, mila au sheria ya kiserikali, kila moja na njia yake. Serikali ilichapisha mapendekezo mwaka 1969 ili watu wayajadili, na mabishano yalikuwa makali hasa juu ya ndoa za wake wengi. Sheria iliyopita ilikubali ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, ikataka aina yake ijulikane, na kubadili kutoka moja kwenda nyingine kukahitaji hiari ya mume na mke wote wawili. Iliweka pia dhana kwamba waliokaa pamoja miaka miwili na kutambulikana kama mume na mke wachukuliwe kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vingine.

Umri wa kuoa ukawa miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana. Wasichana wako wana umri huohuo, kwa hiyo hutatafuta kichocheo kingine. Wagawe wawe Bunge la 1971: mbunge wa mjini, mbunge wa mkoa wa wafugaji, kiongozi wa UWT (Umoja wa Wanawake wa Tanzania), shehe, padri. Kila mmoja apewe dakika mbili, na asiseme jambo ambalo mtu wa mwaka ule hakuweza kulijua. Kisha wasomee hukumu: Mahakama Kuu mwaka 2016 ilisema vifungu vya umri vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo mwaka 2019. Kazi ya nyumbani: waandike kwa nini sheria iliyoonekana ya kimaendeleo 1971 ilifikishwa mahakamani miaka 45 baadaye, na ni vifungu gani vyake wangeviacha vilivyo.

Picha na vitu vya wakati ule tunavipata wapi? Shule yetu haina fungu. — Mwalimu, Arusha

Ninyi mna bahati ya jirani: Makumbusho ya Azimio la Arusha yako mjini, Kaloleni, karibu na mnara wa Mwenge. Andikeni barua ya shule mapema, na mpeleke darasa kwa mafungu ya watu 20, kila mwanafunzi akiwa na kazi moja: picha moja, nani yumo, nani hayumo, nani aliipiga na kwa ajili ya nani. Nyumbani kwa wanafunzi kuna zaidi ya mnavyofikiri: vyeti vya kisomo, madaftari, kadi za chama, picha za studio za miaka ya 1970. Vipigeni picha kwenye mwanga wa dirisha bila kumulika, pembeni mkiweka karatasi yenye jina la kitu, mwaka kama unajulikana, na jina la mwenye kitu iwapo amekubali liandikwe. Magazeti ya zamani kama *Uhuru* na *Ngurumo* yanasomwa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Nyaraka za Taifa; mwalimu mmoja akienda na orodha ya tarehe sita za uhakika, siku moja inatosha. Asiende na mada tupu, atarudi na vumbi. Anzeni na matoleo ya 6 na 7 Februari 1967, siku zile benki zilipotaifishwa, msome na matangazo ya biashara yaliyo pembeni mwa habari.